Alizeti ya Kigamboni: kwa nini katikati ya kichwa kuna mapepe

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kigamboni. Mwanzoni mwa Machi nilipanda alizeti ubavuni mwa nyumba, mashimo 50, kwa mbegu alizoniletea mdogo wangu kutoka Singida. Zilistawi hadi zikanipita kimo. Zilipokuwa changa zilifuata jua kutwa, lakini zilipochanua zilielekea mashariki zikaganda hapo hapo; wajukuu wakasema zimepofuka. Viwavi walipoingia nilipiga dawa asubuhi, mara mbili. Nilipovuna, mbegu za ukingoni zilikuwa zimejaa, ikafuata mistari ya mapepe, yaani maganda matupu, kisha mbegu nzuri kidogo, na katikati, upana wa kiganja, mapepe tu. Jirani anasema udongo umekosa mbolea ya Urea. Mwingine anasema alizeti si zao la pwani, nisijisumbue. Nirudie au niache?"

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Rudia. Na hela ya Urea iweke kwanza, kwa sababu mapepe yako hayakutokana na Urea.

Nakushukuru kwa jambo moja. Watu wengi wakiniuliza habari za alizeti huishia kusema "imekataa". Wewe umenieleza mapepe yalikaa wapi kwenye kichwa: ukingoni hakuna, halafu mistari kadhaa, halafu mbegu nzuri, halafu katikati. Maelezo hayo ndiyo yaliyonipa jibu, kwani kichwa cha alizeti kinatunza kumbukumbu ya kila siku kama daftari lako la mahudhurio. Anayejua kukisoma huona siku ipi nyuki walikuja na siku ipi hawakuja.

Tuanze na hilo. Kile tunachokiita ua la alizeti si ua moja. Alizeti ni ya ukoo mmoja na pareto, saladi, kishona nguo anayetuganda kwenye suruali, na mchunga ule mchungu tunaoupika kwa nazi. Ukoo wote huo una tabia moja: maua madogo mengi yanakusanyika kwenye kitako kimoja mpaka anayetazama kwa mbali adhani ni ua moja. Yale majani ya njano ya pembeni tunayoyasifia ni maua tasa. Hayatoi mbegu, kazi yake ni kuita wadudu. Mbegu hutoka kwenye maua ya kahawia yaliyojazana katikati, ambayo kwenye kichwa cha kawaida yanaweza kuwa kati ya 1,000 na 2,000. Kila ua dogo hutoa mbegu moja, si zaidi. Kwa hiyo mbegu 1,500 ni maua 1,500, na kila moja linahitaji kupata chavua, yaani unga wa maua. Likikosa, ganda la mbegu hukua kama kawaida, linapata na rangi, lakini ndani hamna kiini. Ndiyo mapepe hayo.

Msimu ujao, kichwa cha kwanza kikifunguka, chukua stuli ukae mbele yake saa mbili asubuhi. Utaona maua hayafunguki yote kwa pamoja. Yanaanza ukingoni na kuingia ndani kwa mizunguko, kila siku mistari michache, na kichwa kizima humaliza kwa siku 5 hadi 10. Ua linapofunguka siku ya kwanza linakuwa dume: kijibomba cheusi kinachomoza na juu yake kuna unga wa njano. Kesho yake, au keshokutwa, katikati ya kijibomba hicho hicho hutoka kijiti kinachojigawa ncha mbili na kujikunja huku na huku kama masharubu. Hapo limekuwa jike, linasubiri chavua. Ukitazama vizuri utaona pete tatu kwa wakati mmoja: nje kabisa maua yaliyokwisha kuchavushwa yanaanza kunyauka, yanafuata majike wenye masharubu, kisha madume wenye unga, na katikati vitumba vya kijani ambavyo bado vimefumba. Nyuki akitua hukanyaga madume na majike katika safari moja, miguu ikiwa imejaa njano, kisha anahamia kichwa cha jirani.

Sasa rudi kwenye kichwa chako. Ukingo umejaa, maana yake siku za kwanza nyuki walikuwepo. Mistari ya mapepe inayofuata ni siku ambazo hawakuja. Wewe mwenyewe umesema ulipiga dawa asubuhi, mara mbili. Nionavyo mimi, moja ya siku hizo imeandikwa hapo. Dawa ya wadudu ikipulizwa asubuhi juu ya ua lililo wazi huua nyuki walio kazini, na walionusurika hulikimbia shamba kwa siku kadhaa. Maua yaliyokuwa majike siku hizo yalingoja mpaka yakazeeka. Baada ya hapo nyuki walirudi, ukapata ile mbegu nzuri kidogo, kisha mambo yakaharibika tena. Katikati hapo kuna sababu zaidi ya moja, nitakuja kuzitaja.

Nasema haya nikiwa nimeyatenda. Miaka yangu ya kwanza ya ubwana shamba nilimshauri mzee mmoja wa Bunju apulizie shamba lake lote likiwa limechanua, tena saa tatu asubuhi, kwa sababu ndio muda niliokuwa na nafasi ya kumsimamia. Viwavi walikufa. Tulipopura, gunia lilijaa kwa macho lakini ukilinyanyua ni jepesi kama la pumba. Mzee hakunilaumu, ila ile siku ya kupepeta, upepo ulivyokuwa ukiondoka na mbegu zake, sijaisahau hadi leo.

Kwa mashimo 50 hauhitaji bomba la kupulizia dawa. Viwavi wanaoingia kwenye kichwa mara nyingi ni funza wa vitumba, wale wale wanaotoboa nyanya. Wapo kwa wingi wakati kitumba bado kimefumba, na asubuhi mapema wanaonekana. Watoe kwa mkono uwatie kwenye kopo lenye maji ya sabuni. Wajukuu wataifurahia kazi hiyo. Wakizidi, tumia maji ya mwarobaini uliotwangwa, upulizie jioni jua likizama, na uwe umemaliza kabla jani la kwanza la njano halijafunguka. Likishafunguka, bomba la dawa ya wadudu lipumzike stoo mpaka kichwa kianze kuinama.

Kuhusu kupofuka, waambie wajukuu alizeti zao ni nzima. Mmea mchanga hufuata jua kwa sababu shina lake linarefuka kwa zamu. Mchana upande wa mashariki hukua kwa kasi kuliko wa magharibi, basi kichwa kinainamia magharibi taratibu pamoja na jua. Usiku upande wa magharibi ndio unaorefuka, na alfajiri kichwa kimesharudi mashariki kinasubiri. Mmea una saa yake ya ndani inayojua kumekaribia kucha. Ua linapofunguka, shina linakuwa limekomaa na kuacha kurefuka, hivyo kugeuka nako kunakoma, kichwa kikiwa kimetazama macheo.

Na kutazama macheo kuna faida. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha kwenye jarida la Science jaribio walilofanya kwa alizeti za kwenye vyungu. Nyingine waliziacha zitazame mashariki, nyingine wakazigeuza zitazame magharibi, kisha wakahesabu wadudu. Zilizotazama mashariki zilipashwa joto mapema asubuhi na kutembelewa na wachavushaji hadi mara tano zaidi. Walipoziwekea zile za magharibi chanzo cha joto asubuhi, wageni wakaongezeka. Kwako hilo lina maana ya moja kwa moja: upande wa mashariki wa kiwanja usiwe na ukuta mrefu wala mwembe unaozuia jua la asubuhi. Kama upo, sogeza alizeti.

Nije kwa jirani anayesema si zao la pwani. Ana sehemu ya ukweli. Alizeti nyingi ya nchi hii inatoka Singida, Dodoma na mikoa mingine ya hewa kavu, na ndiko inakostarehe. Inaridhika na mvua ya kati ya milimita 500 na 750 kwa msimu, ina mzizi mkuu unaozama chini sana kutafuta maji, na inapenda kuchanua kukiwa kukavu. Dar es Salaam tuna joto la kutosha, jua tunalo, ila tuna masika na unyevu wa bahari. Alizeti haiikatai pwani, bali tarehe uliyopanda ndiyo iliyoigombanisha na masika. Mbegu iliyoingia ardhini mwanzoni mwa Machi huchanua baada ya siku 60 hadi 70, yaani Mei, mvua bado zipo. Nyuki haruki kwenye mvua, na chavua iliyolowa haifai. Siku mbili za mvua mfululizo ni mistari kadhaa ya mapepe, hata kama hukushika bomba.

Mvua inayokuta kichwa kikikomaa ina ubaya mwingine: kuoza. Kwenye joto na unyevu kama wetu kuna ukungu unaoingia kupitia jeraha lililoachwa na ndege au funza nyuma ya kichwa. Sehemu hiyo inakuwa ya kahawia na kulainika, na ukiipasua unakuta ndani nyuzi za kijivu zenye vidoa vyeusi. Hukuutaja, nadhani uliponea chupuchupu.

Mimi ningekuomba upande wiki ya tatu ya Aprili. Masika inakuwa inaelekea ukingoni, udongo una maji ya kuotesha na kukuza mmea mchanga. Maua yatafunguka mwisho wa Juni, kipupwe kimeingia, asubuhi kavu na nyuki wanatembea. Utavuna katikati ya Agosti. Gharama yake ni kwamba utamwagilia mwenyewe. Kipindi kisichosamehe kiu ni tangu kitumba kinapoonekana, cha ukubwa wa kifungo cha shati, hadi mbegu zinapojaa. Hesabu ndoo ya lita 20 kwa mimea minne, mara mbili kwa wiki, asubuhi au jioni, ukimwaga chini kwenye shina. Kama maji ni ya kisima na yana ladha ya chumvi, usiyamwagie kwenye majani kabisa. Jingine la miezi hiyo ni upepo wa kusi. Mmea ukifika magotini vuta udongo uufunike shina kama unavyofanya kwa mahindi, vinginevyo kusi itaulaza ukiwa na kichwa kizito.

Hapo ndipo nafika katikati ya kichwa. Maua ya katikati ndiyo ya mwisho kufunguka, na chakula cha mmea huwafikia wale wa nje kwanza. Kwa sababu hiyo, mapepe ya upana wa sarafu katikati kabisa ni jambo la kawaida hata kwa mkulima hodari, usihangaike nayo. Upana wa kiganja ndio unaonitia shaka. Mvua za Mei zimehusika, lakini nashuku pia udongo. Kigamboni sehemu kubwa ni kichanga, na kichanga kinachopigwa na mvua kila mwaka hupoteza boroni. Boroni ni kirutubisho kinachohitajika kidogo mno, ila alizeti ni miongoni mwa mazao yanayolia mapema kikikosekana, kwa sababu chavua haiwezi kufanya kazi yake bila hicho. Jaribu kukumbuka: majani ya juu yalikuwa magumu, yamekunjamana, na yenye rangi ya shaba karibu na kikonyo? Kuna vichwa vilivyokua upande, au shina lililokatika chini kidogo ya kichwa kana kwamba limekatwa na kisu? Ukijibu ndiyo kwa mawili kati ya hayo, basi ni boroni.

Dawa yake ni rahisi. Duka la pembejeo ulizia boraksi ya kilimo au mbolea ya majani yenye boroni. Kwa boraksi, gramu 2 kwa lita moja ya maji, ikoroge kwanza kwenye maji ya uvuguvugu kidogo maana inagoma kuyeyuka kwenye ya baridi, kisha nyunyizia kwenye kichwa pale majani ya njano yanapoanza kufunguka, jioni. Kwa mbolea nyingine fuata kipimo cha kwenye pakiti. Usiongeze hata kidogo kwa kudhani itasaidia zaidi. Boroni ikizidi ni sumu kwa mmea, na umbali kati ya haba na nyingi ni mfupi. Ukipenda uhakika, maabara za udongo zipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Mlingano, Tanga.

Na Urea? Inaongeza majani na kimo. Umesema zilikupita kimo, hivyo kimo hukukikosa. Ukizidisha Urea utapata shina refu laini, rafiki wa kusi na wa ukungu. Kwa kichanga chako weka koleo moja la samadi iliyoiva kwa kila shimo wiki mbili kabla ya kupanda, na kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya NPK wakati wa kupanda, ikiwa imetengwa na mbegu kwa udongo. Inatosha.

Upandaji wenyewe sitakaa sana, unaonekana unaujua. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 30, kina cha sentimita 3 hadi 5, mbegu mbili au tatu kwa shimo na kupunguzia mmoja abaki baada ya wiki mbili. Nina ombi moja tu: usipange mashimo 50 kwenye mstari mmoja kando ya ukuta kama uzio. Yapange kama darasa, mistari mitano ya mimea kumi. Alizeti nyingi za mbegu ya kawaida, kama ile ya Record iliyozoeleka huko Singida, hazikubali vizuri chavua yao wenyewe. Zinataka ya jirani. Nyuki anayetua kwenye bustani ya mraba anazunguka kote kabla ya kuondoka.

Nyuki wakiwa wachache, wewe na wajukuu mtafanya kazi yao. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande ukiwa umekauka, funga kitambaa laini cha pamba mkononi, pangusa uso wa kichwa kimoja taratibu ukizunguka, halafu nenda cha pili, cha tatu, bila kukung'uta kitambaa. Mnaweza pia kuinamisha vichwa viwili vilivyo jirani mkavigusanisha uso kwa uso. Rudieni kila baada ya siku moja mpaka mzunguko wa katikati umefunguka. Kitambaa kitageuka njano tangu kichwa cha kwanza, na hiyo ndiyo dalili kwamba chavua ipo. Nakwambia hivi kwa sababu zipo alizeti za mapambo, zile za pakiti yenye picha nzuri, zilizozalishwa makusudi zisiwe na chavua ili zisichafue kitambaa cha meza. Ukipangusa, kitambaa kinabaki cheupe. Hizo zikipandwa peke yake hazitoi mbegu hata ufanyeje. Za Singida hazina tatizo hilo.

Majani ya njano yakishanyauka, vika kila kichwa mfuko wa kitambaa chepesi au wa karatasi ya kaki uliotobolewa matundu, kwa ajili ya kunguru na tetere. Usivike mapema, utawafungia nyuki nje. Plastiki usiitumie, inatunza jasho na kuozesha. Vuna mgongo wa kichwa ukigeuka kutoka kijani kuwa njano na vile vijani vya ukingoni kuwa kahawia. Kata na kipande cha shina, ning'iniza barazani penye upepo mpaka mbegu zitoke kwa kusuguliwa na kiganja.

Kuhusu mbegu ulizobakisha kwa kupandia, mpigie mdogo wako umuulize kama alizotoa ni Record au ni chotara. Kama ni Record, chagua za ukingoni mwa vichwa vitano vizuri, zinafaa. Kama ni chotara, kula au lisha kuku, kwa sababu watoto wake hawatafanana na mama: mmoja mrefu, mwingine mfupi, mmoja anachanua wiki mbili kabla ya mwenzake. Nunua mpya yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Na siku ya kuvuna mwezi wa Agosti, kabla hujapura, pasua kichwa kimoja katikati kwa kisu kikali, bonyeza mbegu moja moja kwa ukucha kutoka ukingoni kwenda ndani, na uniandikie mapepe yameanza mstari wa ngapi.